Mwili Umetoka, Umbo Limebaki: Kisa cha Ana Mendieta

Ni picha zinazofuatana, zilizopigwa ufukwe wa La Ventosa, karibu na mji wa bandari wa Salina Cruz kusini mwa Meksiko, mwaka 1976. Kwenye mchanga uliolowa, pale mawimbi yanapokomea, kumechimbwa umbo la mtu aliyeinua mikono. Ndani ya umbo mna rangi nyekundu. Wimbi linaingia, rangi inatapakaa kidogo. Linakuja jingine, ukingo wa bega unamong'onyoka. Kila picha umbo linatanuka na kupoteza sura, mpaka huwezi tena kusema kwa yakini kwamba hapa palikuwa kiuno na pale mkono. Mwishoni kuna wekundu uliopauka tu juu ya mchanga. Hakuna mtu kwenye picha hata moja.

Aliyelichimba ni Ana Mendieta, Mkuba aliyekulia Marekani, wakati huo akiwa na miaka 27. Kati ya 1973 na 1980 alifanya maumbo ya namna hiyo zaidi ya mia moja, kwa tope, nyasi, maua, barafu, mawe, moto na baruti, mengi yakiwa katika jimbo la Iowa, Marekani, na jimbo la Oaxaca, Meksiko. Yote aliyaweka chini ya jina moja la Kihispania, Silueta: umbo la mtu linalojulikana kwa mzingo wake tu, kama kivuli ukutani.

Mengi yameandikwa juu ya mfululizo huu, na mengi yameandikwa kwa machozi. Mimi nataka kuchambua jambo moja, ambalo lilikuwa la kifundi kabla halijawa la kifalsafa. Mendieta alianza kwa kulala mwenyewe, uchi, mbele ya kamera. Baada ya muda akajitoa, akaacha alama ya mahali alipokuwa. Kwa nini, na kujitoa huko kulibadilisha nini? Nadhani humo ndimo ulimo ufeministi wa kazi hii, kuliko katika habari zote za mungu mama ambazo watu wamezoea kuirundikia.

Alikotoka

Alizaliwa Havana tarehe 18 Novemba 1948, katika ukoo wenye nafasi. Carlos Mendieta, aliyekuwa rais wa Kuba mwaka 1934 na 1935, alikuwa wa ukoo huo. Baba yake, Ignacio, aliingia kwenye mgogoro na serikali ya mapinduzi na baadaye akafungwa gerezani miaka mingi. Mwaka 1961 Ana, mwenye miaka 12, na dada yake mkubwa Raquelín walipandishwa ndege kwenda Marekani bila wazazi. Walikuwa sehemu ya mpango uliokuja kuitwa Operesheni Peter Pan, ulioendeshwa na Kanisa Katoliki kwa kushirikiana na serikali ya Marekani. Kati ya 1960 na 1962 mpango huo uliwatoa Kuba watoto zaidi ya 14,000. Wazazi wengi waliamini kwamba ni jambo la miezi michache. Kwa akina Mendieta, mama alifika 1966. Baba alifika 1979, na wakati huo binti yake alikuwa mtu mzima mwenye jina New York.

Kutoka Havana waliishia Dubuque, Iowa, nchi ya mashamba ya mahindi na majira marefu ya theluji. Huko walilelewa kwenye vituo vya watoto na nyumba za walezi, wakihamishwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kuba walihesabiwa weupe. Iowa waliambiwa si weupe, tena kwa matusi. Mtoto anayejifunza akiwa na miaka 12 kwamba rangi yake inategemea ardhi aliyosimama hawezi tena kuiona ardhi kuwa kitu kilichokaa kimya chini ya miguu.

Naitaja historia hii kwa sababu yeye mwenyewe aliitaja. Aliandika kwamba mazungumzo yake kati ya mwili wa kike na mandhari yalitokana na kung'olewa katika nchi yake akiwa bado anakua, na kwamba alijiona kama aliyetupwa nje ya tumbo la uzazi. Lakini tusiifanye ieleze kila kitu. Watoto wengine maelfu waliondoka Kuba kwa ndege zile zile, na hawakuja kuchimba maumbo yao kwenye kingo za vijito.

Kwanza palikuwa na mwili

Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa na kitu kisichotarajiwa mahali kama pale. Mwaka 1968 Hans Breder, msanii aliyetoka Ujerumani, alianzisha humo programu aliyoiita Intermedia, ambamo mwanafunzi aliweza kuchanganya uchoraji, filamu, dansi na maonyesho ya mwili bila kuulizwa yuko idara gani. Mendieta alimaliza shahada ya uzamili ya uchoraji mwaka 1972, kisha akaachana na turubai. Sababu aliyoitoa ni kwamba michoro yake haikuwa halisi vya kutosha kwa kile alichotaka picha zake ziwe nacho. Alitaka ziwe na nguvu, ziwe na uganga.

Kazi za mwaka huo bado zina harufu ya darasani. Katika moja alibana uso, kifua na tumbo kwenye kipande cha kioo mpaka nyama ikapinda na pua ikalala upande. Urembo wote ukatoka kwa kubanwa tu. Katika nyingine alilala kifudifudi uwanjani, uchi, nyasi zilizokatwa zikabandikwa mgongoni kwake kwa gundi, akawa kama tuta dogo kwenye majani. Hii ya pili haina makali ya ile ya kioo, lakini ndiyo iliyokuwa na njia ya kwenda mbele.

Mwezi Machi 1973 mwanafunzi wa kike wa chuo hicho alibakwa na kuuawa bwenini. Mendieta aliwaalika wanafunzi wenzake nyumbani kwake. Waliukuta mlango umeachwa wazi kidogo, na ndani yeye amefungwa juu ya meza, ameinama, damu miguuni, vyombo vimevunjika sakafuni. Hakusogea. Wageni waliishia kukaa, wakaanza kuzungumza juu ya kile walichokiona.

Kazi hiyo ni ya ujasiri, na bado inatisha. Lakini ilimwachia tatizo, nami sidhani kama hakuliona. Alitaka kupinga namna mwili wa mwanamke unavyotazamwa na kuharibiwa, na chombo alichokuwa nacho ni mwili wa mwanamke uliolala bila kusogea huku watu wakiutazama. Upingaji na kitu kinachopingwa vilikuwa vimevaa ngozi moja.

Majira ya joto ya mwaka huo huo alikwenda Oaxaca, kwenye magofu ya Yagul. Kuna kaburi la Wazapoteki, wenyeji wa Oaxaca tangu kale, pale, limefunguliwa, kuta zake za mawe, magugu yameota ndani. Asubuhi alinunua maua meupe sokoni. Akashuka kaburini, akavua nguo, akalala chali, mashina ya maua yakapangwa juu yake. Yanapita katikati ya miguu, yanapanda kiunoni, yanajaa kifuani, yanauficha uso kabisa. Mikono inaonekana, imelala ubavuni. Nyayo zinaonekana. Ukitazama mara moja unaona maiti, au bibi arusi. Ukikaa na picha unaona kwamba maua hayakumwagwa juu yake: yameelekezwa kana kwamba yanaota kutoka kwake, kama magugu yale yalivyoota kutoka kwa aliyezikwa pale kwanza. Baadaye alieleza kwamba wazo lilikuwa mtu aliyefunikwa na wakati na historia.

Kiswahili kina neno kwa ile sehemu ya ndani ya kaburi anamolazwa maiti: mwanandani. Sikioni linasikika kama mtoto aliye ndani. Kila ninapoitazama picha ya Yagul neno hilo hunijia, kwa sababu picha nzima inakaa hapo hapo, kati ya kuzikwa na kuzaliwa, na inakataa kukwambia ni lipi.

Sasa jambo ambalo vitabu vingi hulipitia haraka. Aliyebonyeza kitufe cha kamera Yagul alikuwa Hans Breder, mwalimu wake na mpenzi wake. Mpango ni wa Mendieta, mahali alipachagua Mendieta, maelekezo aliyatoa Mendieta. Lakini hesabu watu waliopo: mwanamume mwenye kamera, mwanamke kijana aliye uchi, maua. Ni mpangilio uliojaza majumba ya sanaa ya Ulaya kwa karne nyingi. Sisemi kwamba picha inaharibika kwa hilo. Bado naiona miongoni mwa picha kubwa za muongo ule. Nasema kwamba mtu aliye ndani ya picha hawezi kuwa nyuma ya kamera.

Kisha likabaki shimo

Kijito kinachoitwa Old Man's Creek kinapita karibu na Iowa City. Mendieta alipafanya mahali hapo karakana yake isiyo na paa. Mwaka 1975 alipiga hapo filamu fupi, haifiki dakika mbili, haina sauti, kwa kamera ya Super 8. Inaitwa Silueta Sangrienta, silueta yenye damu. Ukitaka kuona uamuzi ninaouzungumzia ukifanyika mbele ya macho yako, itazame hiyo.

Kwanza tunamwona amelala chali, uchi, ndani ya shimo lililochimbwa kwa kipimo chake kwenye udongo wa ukingo wa mto. Picha inakatika. Shimo lipo, yeye hayupo. Inakatika tena. Shimo limejaa kimiminika chekundu, kinang'aa juani. Inakatika kwa mara ya mwisho. Amerudi, lakini sasa amelala kifudifudi ndani ya wekundu ule, mgongo juu, uso umezama.

Filamu inampa mtazamaji nafasi ya kulinganisha. Alipokuwepo, tulimtazama yeye: ngozi, nywele, kama ana baridi. Alipoondoka, macho yakabaki bila pa kutua, yakaanza kufanya kazi nyingine. Yakaona ukingo wa udongo ulivyokatwa. Yakapima: mtu huyu ni mfupi, mabega ni membamba. Yakauliza ameenda wapi. Shimo tupu ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote katika filamu ile, nalo linakaa sekunde chache tu. Sijui mtazamaji gani anaweza kulitamani shimo.

Kutoka hapo na kuendelea, mwili wake unazidi kupungua ndani ya picha na kiolezo kinachukua nafasi: umbo lake lililokatwa, analoweza kulilaza chini, kulizungushia alama, kisha kuchimba, kujaza, kuwasha. Inasikika kama jambo dogo la urahisi wa kazi. Lakini tazama linavyobadilisha mambo. Hahitaji tena mtu wa kumpiga picha. Anachimba mwenyewe, anarudi nyuma hatua kadhaa, anachukua kamera mwenyewe. Mwanamke yule yule ndiye umbo na ndiye jicho. Tatizo la Yagul limetatuliwa bila hotuba hata moja.

Na pale mwili ulipotoka, wakati ukaingia. Mtu hawezi kulala kwenye moto, umbo linaweza. Mwaka 1976, Oaxaca, aliwatumia mafundi wa fataki, watu ambao kazi yao ni kutengeneza majengo ya mianzi yanayowaka kwenye sikukuu za watakatifu. Wakamjengea umbo lake kwa mianzi, likasimama gizani mikono imeinuliwa, likalipuka kwa cheche na kuteketea mpaka ukabaki mfupa wa mianzi na moshi. Iowa alijaza baruti kwenye tuta la udongo lenye tundu la umbo la mtu, akawasha. Tundu likatapika moshi mzito kama mlima wa volkano uliopunguzwa ukawa saizi ya mwanamke. Alitumia barafu ikayeyuka. Alitumia nyasi zikaendelea kuota zikalimeza umbo. Kazi ilianza kutendewa kitu na dunia, jambo ambalo ngozi ya binadamu, kwa bahati nzuri, haiwezi kulivumilia.

Nataja moja ya ndani ya chumba, kwa sababu inarudisha swali la wanawake kwa njia ya pembeni. Mwaka 1976, katika ukumbi mmoja wa wasanii huko New York, alipanga mishumaa myeusi 47 sakafuni kwa umbo lake, akaiwasha, nta ikayeyuka na kutiririka mpaka mzingo ukafutika. Aliiita maziko ya ñáñigo. Ñáñigo ni mwanachama wa Abakuá, chama cha siri cha Kuba ambacho asili yake ni watu waliochukuliwa utumwani kutoka eneo la mto Cross, mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Ni chama cha wanaume watupu. Hadithi yake ya asili inasimulia kwamba siri ilipatikana kwanza na mwanamke, Sikán, aliyemnasa samaki mtakatifu alipokwenda kuteka maji mtoni. Akauawa, na siri ikabaki kwa wanaume. Mendieta, aliyelelewa Mkatoliki katika nyumba ambamo watumishi walifuata dini zenye asili ya Afrika, alichukua jina la chama ambacho hakingemruhusu kuingia, akaliwekea umbo la mwanamke. Mzaha huo una meno.

Waliokuwa na matingatinga

Miaka ile ile sanaa ya ardhi ilikuwa ikivuma Marekani, na majina makubwa yalikuwa ya wanaume. Robert Smithson, mwaka 1970, alimwaga mawe na udongo katika Ziwa Kuu la Chumvi, Utah, akajenga njia iliyojisokota yenye urefu wa mita 460 hivi. Michael Heizer alikata mwamba wa Nevada pande mbili za bonde na kuondoa takriban tani 240,000. Sina haja ya kuwakejeli, kazi ya Smithson hasa ni ya mtu aliyefikiri kwa kina. Ila kipimo chenyewe kinasema jambo. Kazi zao unazielewa vizuri ukiwa ndani ya ndege. Ya Mendieta, mwanamke aliyekuwa na futi tano hivi, unaielewa ukiinama. Katika Silueta hakuna alichokifanya ardhini ambacho mvua za msimu mmoja hazingeweza kukirekebisha.

Na hakukuza umbo. Angeweza. Kulichora lilelile kwa urefu wa mita mia lingekuwa jambo la katapila moja na siku mbili, na huenda magazeti yangekuja. Alibaki na uwiano wa moja kwa moja, mtu mmoja kwa mahali pamoja, akarudia mara mia na zaidi.

Lawama mbili, kutoka pande mbili

Lawama ya kwanza ni nzito na inastahili kujibiwa. Mwaka 1974 mwanaanthropolojia Sherry Ortner alichapisha hoja iliyotikisa ufeministi: kwamba jamii nyingi humweka mwanamke upande wa asili na mwanamume upande wa utamaduni, na kwa kuwa utamaduni hujiona una haki ya kuitawala asili, mwanamke naye huwekwa chini. Sasa anakuja msanii mwanamke, kwa hiari yake, anajipaka tope na kujilaza kwenye mtaro. Si anawafanyia kazi waliomdharau? Miaka ya 1980, wanadharia wa ufeministi walipozidi kusisitiza kwamba uanamke hutengenezwa na jamii, Silueta zilianza kuonekana za kizamani, sanaa ya mama dunia.

Kuna picha moja ambayo lawama hii inainata kama kupe. Ni Árbol de la Vida, mti wa uzima, ya 1976. Mendieta amesimama wima mbele ya gogo la mti mkubwa ukingoni mwa kijito, amejipaka tope na majani makavu mwili mzima, mikono juu, karibu anapotea kwenye gome. Ni picha nzuri, na inasambazwa kuliko karibu zote alizowahi kufanya. Lakini ndani yake alama ya "sawa na" imechorwa waziwazi: mwanamke ni mti. Mimi naiona miongoni mwa kazi zake dhaifu, na wala sishangai kwamba ni mojawapo ya zile ambamo mwili umerudi.

Kwenye maumbo matupu hali ni nyingine. Tundu halisemi kwamba mwanamke ni ardhi. Linasema kwamba kuna mtu alikuwa hapa na ardhi si yeye. Ukingo wa tundu ndio mpaka kati ya hao wawili, na mpaka huo unaonekana kwa jicho. Anayetaka kuona mama dunia pale itabidi alijaze tundu yeye mwenyewe. Tena ni umbo la nani? Mama dunia hana kipimo cha bega. Huyu anacho.

Lawama ya pili hakutupiwa yeye, aliitoa yeye. Alihamia New York mwaka 1978 akajiunga na A.I.R., nyumba ya sanaa iliyoanzishwa 1972, ya kwanza Marekani kuendeshwa na wanawake kwa ushirika. Mwaka 1980 yeye, Kazuko Miyamoto na Zarina waliandaa humo maonyesho ya wasanii wanawake wanane, waliojiita wa Dunia ya Tatu ndani ya Marekani, wakiwamo Howardena Pindell, Senga Nengudi na Judith Baca. Katika maandishi ya utangulizi Mendieta alisema wazi kwamba ufeministi wa Marekani ulivyo ni harakati ya wanawake weupe wa tabaka la kati. Mwaka 1982 alijitoa A.I.R.

Watu huliona hili kama sura nyingine ya maisha yake, siasa upande mmoja na sanaa upande mwingine. Naona ni kitu kile kile. Kundi lililotaka kusema "sisi wanawake" lilihitaji mwili mmoja wa jumla, mwili wa kila mwanamke, na mwili huo kila mara ulikuwa na rangi na nchi ya mtu fulani. Mendieta alikuwa amekaa miaka mitano akichimba kitu kinyume chake: umbo la mtu mmoja, mahali ambapo si kwao.

Yaliyofuata

Nitalipita hili upesi, kwa sababu limekwisha kumeza mengi. Januari 1985 alifunga ndoa Roma na mchongaji Carl Andre. Tarehe 8 Septemba mwaka huo alianguka kutoka dirishani, ghorofa ya 34, nyumbani kwa Andre huko New York, akafa. Alikuwa na miaka 36. Andre alishtakiwa kwa mauaji, akachagua kuhukumiwa na jaji peke yake, bila jopo la raia waamuzi, na mwaka 1988 jaji akamwachia huru. Mwaka 1992, jumba la sanaa la Guggenheim lilipofungua tawi lake katika mtaa wa SoHo, New York, na kazi ya Andre ikiwamo, waandamanaji walisimama nje wakiuliza Ana Mendieta yuko wapi.

Swali lile lilikuwa la haki. Kilichonikera ni kilichokuja nalo: mazoea ya kuzisoma Silueta kama bishara, umbo la mtu aliyelala chini lililotangulia kifo. Ni usomaji wa kivivu. Unamrudisha kule kule alikotoka kwa jasho, kwenye mwili uliolala unaotazamwa, na unafuta kwamba mtu aliyechimba yale maumbo alikuwa amesimama wima, mikono ina tope, anapima mwanga.

Mwaka 2018 warithi wake waliishtaki kampuni moja ya filamu kwa sababu ya taswira katika tangazo la filamu ya kutisha, zilizofanana na kazi zake. Taswira mbili ziliondolewa, shauri likamalizika kwa makubaliano. Kesi ile hunifikirisha. Yeye kwa sehemu kubwa hakuacha vitu. Aliacha slaidi na filamu zaidi ya mia, na umbo ambalo yeyote mwenye jembe na ukingo wa mto anaweza kulichimba kesho. Lakini akilichimba atachimba bega la nani?

Kuba, na maji

Januari 1980 alirudi Kuba kwa mara ya kwanza baada ya miaka 18 na zaidi. Mwaka uliofuata, kwenye miamba ya Escaleras de Jaruco nje ya Havana, alichonga maumbo katika mawe laini ya chokaa na kuyapa majina kutoka visasili vya Wataíno, wenyeji wa kisiwa kabla ya Wahispania: Atabey, Guabancex, Itiba Cahubaba, Guanaroca. Ni maumbo mazito, yaliyojikunja, mengi yana sura ya sehemu za uzazi. Si mzingo wake tena. Kiolezo hakikuhitajika. Wakosoaji wamelieleza hilo kwa namna nyingi. Maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba alikuwa nyumbani, na mtu aliye nyumbani hana haja ya kuacha alama kwamba alipita.

Hata hivyo hakubaki Kuba. Mwaka huo huo wa 1981, Key Biscayne, Florida, alifanya umbo jingine mahali pa maji ya kina kifupi. Ni mistari miwili ya mchanga iliyopindwa kama nyonga mbili zinazotazamana. Aliiita Ochún, orisha (yaani mungu katika dini ya Wayoruba) wa mito aliyekuja Kuba na Wayoruba, ambaye Wakuba wengi humwona ndani ya Bikira wa El Cobre, mlinzi wa kisiwa. Ng'ambo ya maji yale ndiko Kuba. Filamu za Iowa ni bubu, lakini hii aliirekodi kwa video na ina sauti, kwa hiyo unasikia mawimbi madogo na ndege wa pwani. Umbo halikufungwa. Upande wa kichwa liko wazi, upande wa miguu liko wazi, na maji yanaingia huku na kutokea kule, yakipapasa kingo za ndani, yakiondoka na mchanga kidogo kila yanapopita.